Mkanda wa Helmeti ya Zeno

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutazama vichwa vya watu. Wenzangu niliosoma nao chuo cha polisi, wengine walikwenda upelelezi wakakamata majambazi, wengine walilinda viongozi. Mimi nilivaa nguo nyeupe za trafiki, nikasimama kando ya barabara hapa Sumbawanga, nikatazama kila kichwa kinachopita juu ya pikipiki, kama kina helmeti au hakina. Sasa nimestaafu, naishi Milanzi, nafuga kuku. Bado mtu akipita na pikipiki natazama kichwa kwanza, ndipo namtambua mwenye kichwa.

Nawaandikia ninyi vijana wa bodaboda, pamoja na wale mnaotaka kazi niliyoifanya mimi. Msiwe na wasiwasi. Siwezi kumwandikia mtu faini tena. Mnaweza kusoma mmekaa vizuri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajenti Kondo, mtu wa Pwani. Baridi ya huku kwetu Ufipa ilimtesa sana. Ikifika mwezi wa sita alivaa sweta juu ya sweta chini ya sare, akanenepa ghafla, na jua likirudi alikonda, hata wageni wakadhani ana ugonjwa. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, usitazame kichwa cha dereva anayekuja kwa mbali, tazama mkono wake. Helmeti nyingi za mji huu zinakaa kwenye kiwiko au kwenye kioo cha pembeni. Mkono ukiachia usukani ghafla, jua kuna kitu kinapelekwa kichwani. La pili, usimkimbize mtu wa pikipiki.

"Akikukimbia mwache," alisema. "Kesho atapita hapahapa, mji wenyewe si mkubwa hivyo. Ukimkimbiza ataanguka, na utakuwa umemuumiza kwa kumzuia asiumie."

La pili nililishika siku ileile. La kwanza lilinichukua muda. Siku moja nilimpungia mkono mtu apite bila kusimama, kwa sababu kwa mbali helmeti yake ilikuwa inang'aa vizuri, imesafishwa, nikasema moyoni huyu ndiye raia mwema. Alipofika karibu nikaona ni upara. Akanishukuru akapita.

Nimeona mengi juu ya vichwa. Kofia za mafundi ujenzi, za njano, ambazo tofali likidondoka zinasaidia lakini lami ikikufuata hazina habari. Helmeti zilizogeuzwa, nyuma mbele. Kuna mmoja alikata dumu la mafuta ya kula, akalipaka rangi nyeusi, akatoboa matundu ya kamba. Nikamuuliza hii ni nini.

"Afande, hii ni helmeti ya kienyeji."

Nilimwambia ya kienyeji tunakula kuku tu.

Abiria nao walikuwa na sababu zao. Amesuka jana. Helmeti inanuka jasho la watu wote wa Malangali. Ataambukizwa chawa. Anakwenda hapo tu. Hii ya "hapo tu" niliisikia mara nyingi kuliko salamu. Sijawahi kukutana na abiria aliyekiri kuwa anakwenda mbali.

Sasa niwaambie habari za Zeno, maana ndiye niliyekaa kuwaandikia.

Zeno alikuwa mwenyekiti wa kijiwe kimoja cha bodaboda pale Malangali. Mrefu, mwembamba, hajaoa, anasema bado anachagua. Kwao ni kijiji cha Mollo, anakaa na mama yake mzazi, Mama Skolastika, mjane, mkulima wa mahindi na ulezi. Kwa uendeshaji sikuwahi kumlaumu. Hakunywa pombe, hakubeba mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa mpigo, na pikipiki yake aliitunza kuliko wengine wanavyotunza ndoa. Shida yake ilikuwa moja, alipenda ubishi. Ukimwambia leo baridi, anakuuliza umelinganisha na wapi.

Helmeti alikuwa nayo. Ilikaa kwenye kioo.

"Zeno, hiyo ya kioo inakinga nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Inakinga kioo, afande. Kioo ni cha pikipiki, kikipasuka ni hasara. Kichwa ni changu mimi mwenyewe. Nikiamua kukipasua, nani nimemkosea?"

Nikamwandikia faini. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Wakati huo simu za kupangusa zilikuwa zimeshaenea, na kazi yetu ikabadilika. Zamani ulisimama kwenye kona, ukawapata wanaopita. Sasa ukisimama tu, baada ya muda mfupi hapiti mtu asiye na helmeti, wote wanapita wamevaa kama wanakwenda kupigwa picha. Walikuwa na kikundi cha WhatsApp, Zeno ndiye msimamizi, na jina la kikundi lilikuwa Hali ya Hewa. Nililijua kwa sababu kijana mmoja aliniingiza humo kwa makosa, akidhani namba yangu ni ya shangazi yake aliyenunua pikipiki. Nilikaa kimya nikisoma. "Mvua Malangali." Maana yake mimi niko Malangali. "Mvua kubwa kwenye mzunguko." Maana yake tuko wawili. Kiangazi kilekile ambacho wakulima wanalia, kikundi kizima kinanyeshewa.

Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikaandika: "Mvua imehamia Milanzi, Malangali kweupe." Nikasimama Malangali. Niliwapata wengi sana siku ile. Zeno alikuwa wa kwanza. Akanitazama, akaitazama simu yake, akasema, "Afande, kwa hili nakupa heshima," akatoa leseni bila kubisha. Jioni niliondolewa kwenye kikundi, na jina likabadilishwa kuwa Bei ya Mazao.

Halafu tukaelekezwa kuacha kutegemea faini peke yake, tutoe na elimu. Nikapewa takwimu za ajali za mkoa, nikaenda kijiweni kwa Zeno na karatasi zangu. Vijana walikaa juu ya pikipiki zao kwa adabu. Nikawasomea. Nikawaeleza kwamba watu wengi wanaokufa kwa ajali za pikipiki wanakufa kwa kuumia kichwa, na kwamba helmeti inapunguza hatari hiyo sana. Zeno akanyoosha mkono.

"Afande, hao mmehesabu waliokufa na walioumia, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ambao hatuvai na hatujaanguka, mmetuhesabu?"

"Hapana."

"Jamani, nani hapa havai helmeti na yu hai? Anyooshe mkono."

Wakanyoosha karibu wote. Mmoja akanyoosha miwili.

"Basi andika hiyo takwimu, afande. Tunaopona bila helmeti ni wengi kuliko wanaokufa."

Wakacheka, nami nikakusanya karatasi. Jibu lilinijia nyumbani jioni nachambua maharage: waliokufa hawaji kijiweni kunyoosha mikono. Lakini nani anarudi kijiweni kesho yake kumalizia ubishi wa jana? Nikaendelea na maharage.

Aliyemweza Zeno alikuwa mama yake, na hakutumia takwimu.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, njia ya kutoka Mollo kuja mjini. Nilimsimamisha Zeno akiwa amempakia mama yake, wanakwenda misa. Yeye helmeti iko kichwani, maana aliniona mapema. Mama hana, amefunga kilemba kikubwa cha kitenge, kile cha Jumapili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Mama, helmeti yako iko wapi?"

"Muulize dereva."

Nikamgeukia Zeno. Zeno akajibu kwa upole wote, "Afande, mama hapendi kuvaa. Ni uamuzi wake, siwezi kumlazimisha mzazi."

Mama Skolastika akashuka taratibu kwenye pikipiki. Akasimama mbele ya mwanawe.

"Nani amekwambia sipendi?"

"Mama, si unajua kilemba..."

"Uliniuliza lini?"

Zeno akaanza kufuta kioo.

"Nakuuliza, uliniuliza lini, wapi, tukiwa tunafanya nini? Maana mimi sikumbuki. Kila Jumapili nakuona unavaa ukifika hapa, mimi nabaki na kitenge. Nikasema labda mwanangu anajua kichwa gani kina maana."

Watu waliokuwa wanapita kwenda kanisani walianza kupunguza mwendo. Kwenye njia ile wote wanafahamiana.

"Mama, jamani, tunachelewa misa."

"Chelewa wewe. Mimi natembea. Kaa hapa na huo uamuzi wangu."

Akaondoka kwa miguu, mkoba begani, kilemba juu. Sikuhitaji kuandika kitu. Zeno alisukuma pikipiki nyuma ya mama yake mwendo mrefu, akimwomba apande, na mama akimjibu kwa Kifipa maneno ambayo mimi, Mfipa mwenzake, niliona nisiyasikilize.

Jumapili iliyofuata wote walikuwa na helmeti. Ya mama ilikuwa nyekundu, mpya. Kilemba amekikunja kwenye mkoba, kichwani amefunga kitambaa chepesi. Alisimama mwenyewe kabla sijawasimamisha, akanionyesha.

"Angalia kama nimefunga vizuri."

Nikaangalia. Sikilizeni hapa, maana hii ndiyo sehemu ya kazi. Helmeti ikae chini, karibu na nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya harusi. Tikisa kichwa, ikicheza peke yake, ni kubwa mno, tafuta nyingine. Mkanda ufungwe chini ya kidevu hadi vidole viwili tu vipite. Ikiwahi kuanguka vibaya, hata kama haijapasuka kwa nje, iache, ndani imeshamaliza kazi yake. Na usinunue iliyotumika kwa mtu usiyemjua, maana hakuambii ilikwishapiga wapi. Mama Skolastika alikuwa amefanya yote, hata vidole viwili alinionyesha.

Nikamtazama Zeno. Helmeti iko kichwani, mkanda unaning'inia shavuni.

"Zeno, mkanda."

"Afande, sheria inasema nivae. Nimevaa. Haikusema nijinyonge."

"Funga."

Akafunga. Mama akasema, "Akifika mbele pale anafungua. Namwona."

"Unanibana koo, mama. Napumua kwa koo langu, si kwa la afande."

Ikawa hivyo kila Jumapili. Mimi nasema mkanda, yeye anafunga, anafika mbele, anafungua. Baadaye kile kifungo cha plastiki cha mkanda kikavunjika, na sidhani kilivunjika chenyewe. Nilimwambia abadilishe helmeti. Akasema atabadilisha. Nikamwandikia faini, akalipa, akaja tena na ileile. Mama yake aligoma kupanda, akapandia bodaboda nyingine Jumapili kadhaa. Halafu mvua zikaja, njia ikawa mbaya, na mwingine wa kumwamini aendeshe kwenye tope hakumwona. Akarudi kwa mwanawe.

Hapo nilijifunza jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Sheria inaweza kufikisha helmeti mpaka juu ya kichwa cha mtu. Mkanda anafunga mwenyewe. Ukisimama naye atafunga, ukigeuka amefungua, na barabara kutoka Mollo hadi mjini ni ndefu kuliko macho ya trafiki mmoja.

Siku yenyewe, Jumapili tena, nilikuwa zamu. Asubuhi ilikuwa na ukungu, ule wa huku kwetu unaokaa juu ya mashamba kama moshi wa kuni mbichi. Kijana akaja mbio na pikipiki, hajavaa kitu kichwani, akasimama mbele yangu mwenyewe. Katika kazi yangu yote hakuna asiye na helmeti aliyewahi kunisimamia kwa hiari. Nikajua kuna jambo.

"Afande, Zeno. Kwenye kalavati. Ameanguka na mama yake."

Tulipofika, mama alikuwa amekaa chini, tope hadi kiunoni, kichwa cha mwanawe amekilaza kwenye mapaja, kitenge chake cha Jumapili amekikunja na kukibana upande wa kichwa damu inapotoka. Helmeti nyekundu ilikuwa bado kichwani mwa mama, imechubuka upande mzima kama imepigwa msasa. Ndama alikuwa ametokea kwenye ukungu akiwa anamfuata mama yake ng'ombe. Zeno alikanyaga breki, pikipiki ikateleza, wakaenda chini wote wawili. Mama aliburuzwa kwenye changarawe. Zeno aligonga ukingo wa kalavati. Helmeti yake tuliikuta ndani ya mahindi, mbali kabisa, nzima, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa imeruka kabla yeye hajafika chini.

Ndama hakuumia. Alikuwa anakula pembeni.

"Mama, wewe umeumia wapi?" nilimuuliza.

"Mimi mzima. Mshikeni mwanangu."

Hakukubali kuguswa. Alipanda gari pamoja na Zeno, helmeti kichwani, na kule hospitali muuguzi ndiye aliyemvua. Siku ileile Zeno alipewa rufaa ya Mbeya. Mama akaenda naye kwa nguo zilezile zenye tope.

Nikarudi ofisini. Kijana mwenzetu aliyekuwa anaingiza ajali za siku akaniuliza.

"Dereva alivaa helmeti?"

"Hakufunga mkanda."

"Afande, hapa kwenye fomu kuna alivaa au hakuvaa. Mashahidi wanasema alikuwa nayo kichwani."

"Alikuwa nayo."

"Basi alivaa. Majeruhi wangapi?"

"Mmoja. Kuna mama yake pia, alikuwa abiria, helmeti imemwokoa."

"Alitibiwa?"

"Alikataa. Amesema mzima."

"Basi si majeruhi, simuweki."

Kijana hakukosea, aliingiza alichoulizwa. Lakini ninyi mnaopenda takwimu, na mnaozikataa, tazameni siku ile ilivyohesabiwa. Aliyevaa helmeti akaumia kichwa vibaya: mmoja. Aliyevaa helmeti ikamponya: hayupo. Mtu akizichukua hesabu zile akaenda nazo kijiweni, atawaambia helmeti haisaidii, na karatasi itamuunga mkono. Tangu hapo nikisikia takwimu huwa siikatai wala siikubali mpaka nijue nani hakuingizwa. Na aliyepona kwa kawaida haingizwi. Anapangusa vumbi anakwenda zake.

Zeno alikaa Mbeya muda mrefu. Alipasuliwa, akalala siku nyingi bila kufungua macho, akafungua. Waliporudi Mollo nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, amejifunika blanketi, kovu linatoka sikioni linapanda juu.

"Zeno, habari za siku?"

"Nzuri, afande. Karibu."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Leo baridi."

"Ndiyo, baridi."

Nikangoja. Hakuuliza nimelinganisha na wapi.

Nikasema tena, ovyo tu, kwamba wanaosema mahindi ya mwaka huu yatakuwa mabaya wanasema kweli. "Ndiyo, afande." Nikasema helmeti zingekuwa zinavaliwa hata na watembea kwa miguu. "Sawa, afande." Kwa miaka yote nilitamani Zeno aniitikie. Sasa alikuwa ananiitikia, na mimi nilitaka kuondoka.

Mama yake alinisindikiza hadi njiani.

"Kila kitu ndiyo," alisema. "Nikimwambia ale, anakula. Nikimwambia lala, analala. Jana nimemwambia nyumba inaungua, akasema sawa mama. Nilikuwa namjaribu tu." Akajipangusa macho na upande wa kanga. "Mwanangu nilikuwa namjua kwa kunikatalia. Huyu hanikatalii kitu. Sijui nizungumze naye nini."

Wale wa kijiweni nao walikuja wakamjaribu. Mmoja akamwambia serikali imeamua bodaboda zote zipakwe rangi ya waridi. Zeno akasema sawa. Wakakaa kidogo, wakaondoka, na njiani, nilivyosikia, kila mtu alifunga mkanda wake. Haikudumu wiki nyingi. Lakini nilipita Malangali siku zile nikaona vichwa vimefungwa vizuri na hakuna aliyeniona mapema.

Nilistaafu kabla hajapona. Waliniaga ofisini kwa soda na saa ya ukutani. Kwa kuwa nilikuwa na muda, na nina kipande cha shamba kulekule Mollo, nikawa napita kwa Mama Skolastika kila ninapokwenda shamba. Tulianza kwa kusalimiana, tukaishia kulimiana. Leo kwangu, kesho kwake. Zeno tulimpa kazi nyepesi, kudondosha mbegu kwenye mashimo. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini alifanya, na kila alichoambiwa alijibu ndiyo.

Ninyi mnaniuliza kila siku, mtu mzima na akili zake, kwa nini alazimishwe? Kichwa si chake? Mimi sina hakika kama nina jibu zuri kuliko nililokuwa nalo mwanzo. Kichwa ni chake, ndiyo. Ila niliona kilipopasuka nani alikibeba mapajani, nani alikilisha uji kwa kijiko, nani aliuza ng'ombe, nani alilala sakafuni wodini Mbeya bila kujua mtu hata mmoja mji ule. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeulizwa. Zeno aliamua, na mama yake akatekeleza. Ndivyo nilivyoona mimi. Ninyi bisheni, nimezoea.

Mvua za kwanza za mwaka uliofuata zilipochanganya, tulikuwa shambani kwa mama. Yeye anachimba mashimo, mimi nafukia, Zeno yuko kati na bakuli la mbegu. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba. Zeno akasimama. Hakudondosha mbegu.

"Dondosha, mwanangu," mama akamwambia.

"Nafasi hii ni kubwa mno."

Mama akaacha jembe hewani.

"Unasema?"

"Kati ya shimo na shimo. Kubwa mno. Mnapoteza shamba."

Mama akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia.

"Ndivyo tunavyopanda siku zote," mama akasema polepole, kama mtu anayemkaribia kuku asiruke.

"Siku zote mmekosea."

"Bwana shamba mwenyewe ndivyo alivyotuelekeza."

"Alipima na nini? Mlimwona na kamba?"

"Mimi sikubali," mama akasema. "Zeno, sikubali kabisa. Nieleze."

Akaeleza. Alieleza vibaya, maneno mengine yalimpotea, akakasirika, akayatafuta, akayapata. Mama alimpinga kila neno. Mimi nilimpinga mama, halafu nikampinga Zeno, ili moto usizimike. Tulibishana mpaka jua likawa utosini na mbegu za siku ile hazikwisha. Mwishowe tukagawana shamba. Upande wa juu mama akapanda kama zamani. Upande wa chini Zeno akapanda anavyotaka, mashimo yamebanana kama watu kwenye mkutano wa pembejeo.

Wakati wa mahindi mabichi mama alinitumia ujumbe niende. Nikakodi bodaboda pale Milanzi, kijana akanipa helmeti bila kuulizwa, nikakagua mkanda wake na wangu, tukaenda. Upande wa juu mahindi yalikuwa yamesimama vizuri, majani ya kijani, masuke mazito. Upande wa chini yalikuwa membamba kama nyasi za kuezekea, yanaegemeana yasianguke. Mengine hayakubeba kitu. Yaliyobeba yalikuwa na suke la ukubwa wa kidole gumba, punje hapa na pale.

Mama alikuwa amekwisha kuchuma. Sufuria iko jikoni inachemka, na kapu pembeni limejaa maganda. Nikachungulia sufuriani. Yalikuwa yale ya upande wa chini, yote.

"Haya ndiyo tunaanza nayo," alisema.

Tukakaa nje watatu, sahani katikati. Zeno alikuwa wa kwanza kuchukua. Akaligeuza lile hindi mkononi, akalitazama kila upande kwa muda mrefu.

"Tatizo si nafasi," akasema. "Tatizo ni mbegu."

"Mbegu ni zilezile za juu," mama akamwambia.

"Una hakika gani?"

Mama akamwongezea jingine sahanini, akanipa na mimi la pili. Tulikula mpaka yakaisha.